"Frateri, Mwanangu Yuko Wapi?" Tumaini la Kikristo kwa Mzazi Aliyefiwa na Mtoto



Mpendwa msomaji, makala hii nimeianza na kuiacha mara tatu. Sisi tunaosoma falsafa hupenda kuandika juu ya mambo tunayoyamudu, na hili silimudu. Lakini kuna mtu aliniuliza swali nikashindwa kumjibu, na tangu siku ile naona nina deni kwake.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Myamba, katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Wanaopafahamu kwetu wanajua mashamba ya tangawizi kwenye miteremko, ukungu wa asubuhi, na njia za miguu ambazo mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Jioni moja katekista alinipigia simu: mama mmoja kijana wa jumuiya yetu amefiwa na mtoto wa wiki tatu. Homa ya siku mbili tu. Nilipofika nilikuta watu wamejaa uani, Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na Waislamu, kama ilivyo misiba yote ya kwetu. Mzee mmoja akasema, "Frateri amefika, atupe neno."

Nikasimama. Nikasema yale niliyoyasikia tangu utoto: kwamba Mungu amechuma ua alilolipenda, kwamba kazi yake haina makosa, kwamba tusilie sana kwa kuwa mbinguni sasa kuna malaika mmoja zaidi. Watu wakaitikia "Amina". Nikakaa nikiona nimefanya vizuri.

Baadaye niliingia ndani kumpa pole mfiwa. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini: "Frateri, Mungu ana maua mengi. Mimi nilikuwa na huyu mmoja." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Hakuwa amebatizwa. Tulipanga Jumapili inayokuja. Mwanangu yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Tumwombe Mungu," nikatoka nje.

Makala hii ni jaribio la kumjibu mama yule, na kwa kupitia kwake, kila mzazi aliyewahi kurudi nyumbani kutoka makaburini akakuta nguo ndogo bado zimeanikwa kwenye kamba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Tanzania, 43 hufariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa 2015/16 ulitaja 67. Tunamshukuru Mungu na wahudumu wa afya kwa watoto wanaopona. Lakini wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa aliyefiwa, hesabu haina elfu moja. Ina mmoja.

1. MANENO TUNAYOYASEMA MSIBANI

Hakuna msiba wa Kikristo kwetu usiotajwa maneno ya Ayubu juu ya Bwana anayetoa na kutwaa (Ayu 1:21). Ni maneno ya imani kubwa. Lakini tuangalie vizuri ni nani anayeyasema. Aliyeyasema ni Ayubu mwenyewe, baba aliyefiwa, akiwa amerarua joho lake na kunyoa nywele. Hakuna jirani aliyemwambia. Mfiwa akiyatamka kwa kinywa chake, ni sala. Mimi ninayekwenda kula chakula cha jioni na watoto wa dada yangu nikimwambia yeye, yaweza kuwa ni kumziba mdomo.

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema. Walipofika na kuona ukubwa wa maumivu yake, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno (Ayu 2:13). Makosa yao yalianza walipofungua midomo kueleza sababu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliomtetea kwa maelezo mengi, wala si Ayubu aliyelalamika (Ayu 42:7). Jambo hili linapaswa kututia hofu sisi tunaojiandaa kuwa wahubiri. Yawezekana mtu akamtetea Mungu kwa namna inayomchukiza Mungu.

Kwa hiyo hapa narekebisha hotuba yangu ya siku ile. Kwanza, Maandiko hayamfananishi Mungu na mtu apitaye bustanini akichuma maua ya wenzake. Kitabu cha Hekima kinasema wazi kwamba Mungu hakuifanya mauti, wala hafurahii kuangamia kwa walio hai (Hek 1:13). Pili, mtoto akifa hageuki kuwa malaika. Malaika ni viumbe vya namna nyingine, roho tupu zisizo na mwili. Mtoto anabaki mtu, anabaki yeye, na Kanisa linangoja ufufuko wa mwili wake. Tatu, hakuna popote Bwana wetu alipomwambia mzazi aliyefiwa kwamba amelia kupita kiasi. Alipomwambia mjane wa Naini asilie, alikuwa anakwenda kumfufua mwanawe papo hapo (Lk 7:13-15). Mwenye uwezo huo ndiye mwenye haki ya kusema hivyo. Kaburini kwa Lazaro, pamoja na kujua atakalolitenda, yeye mwenyewe alitokwa na machozi (Yn 11:35).

2. JE, NI ADHABU?

Baada ya mazishi, watu wakishatawanyika, mzazi hubaki na swali jingine: nimekosa nini? Wakati mwingine majirani humsaidia kulijibu, na majibu yao ni mabaya. Wengine watasema ni dhambi ya ujana wake. Wengine watanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, na ukoo utaanza kumtafuta mchawi. Hapo msiba mmoja huzaa mingine: ndoa huvunjika, na bibi kizee asiye na kosa hukimbiwa na wajukuu.

Nilikuwa na miaka tisa Novemba 2009, mlima ulipoporomoka Goha, katika ukanda wetu huu wa Mamba Miamba. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kwa siku kadhaa, ardhi ikashiba maji, udongo ukateremka na kufunika nyumba zilizokuwa na watu ndani. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Nakumbuka jinsi watu wazima walivyozungumza kwa sauti za chini tulipopita, na jinsi kila mvua iliyofuata ilivyotunyima usingizi. Na nakumbuka swali lililosikika: watu wa kule walimkosea nini Mungu?

Swali hilo Yesu alilijibu. Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu kumi na wanane, alikataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Lk 13:4-5). Wanafunzi walipomwuliza kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake (Yn 9:1-3). Ni kweli tunasoma habari za mtoto wa Daudi aliyekufa baada ya dhambi ya baba yake (2 Sam 12). Lakini pale nabii alitumwa kwa mtu mmoja, kwa jambo moja lililojulikana. Sisi hatukutumwa. Asiyetumwa asijifanye Nathani katika nyumba ya msiba.

Mzazi mpendwa, kama hakuna aliyekuambia, nakuambia mimi kwa mamlaka ya Injili wala si ya kwangu: mtoto wako hakufa ili wewe uadhibiwe. Na jirani yako hakumla.

3. WANAFALSAFA MBELE YA KABURI DOGO

Niliporudi seminarini nilienda maktaba kutafuta wanafalsafa walisemaje. Nilimkuta kwanza Epikteto, Mstoa aliyewahi kuwa mtumwa. Anafundisha kwamba ukiwa na mtungi unaoupenda, jikumbushe kuwa ni mtungi tu, na siku ukivunjika hutafadhaika. Halafu anaendelea: ukimbusu mtoto wako, jikumbushe kuwa unambusu kiumbe anayekufa, na akifa hutafadhaika.

Nilisoma sehemu hiyo nikafikiria kumpelekea yule mama. Nikaona aibu. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa watoto wetu kweli ni wa kufa. Lakini dawa hii inaponya huzuni kwa kupunguza upendo. Inamwambia mama ajiandae kutoumia kwa kumshika mwanawe kwa vidole viwili. Mama hawezi, na hapaswi.

Kisha nikamkuta Sisero wa Roma. Huyu alijua hoja zote za wahenga wake juu ya kifo. Mwaka 45 kabla ya Kristo binti yake Tulia akafariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba yule msomi akakimbilia shambani kwake, akasoma kila kitabu cha faraja alichokipata, mwishowe akajiandikia chake mwenyewe, na bado akakiri kwa rafiki yake kuwa majonzi yamemshinda. Nilimpenda Sisero kwa kukiri huko. Hoja nzuri ni kitu chema, lakini haijawahi kumrudishia mtu mwanawe.

Wa tatu ni Mtakatifu Augustino, na hapa nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimemsoma mwaka mzima bila kukumbuka kuwa naye alizika mtoto. Adeodato, ambaye jina lake maana yake ni "aliyetolewa na Mungu", alibatizwa pamoja na baba yake mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387. Miaka michache baadaye alifariki akiwa bado kijana mdogo. Kitabu kiitwacho De Magistro, tunachokisoma katika falsafa ya lugha, ni mazungumzo ya baba na mwana huyo, na Augustino anashuhudia katika Maungamo kwamba mawazo yaliyowekwa kinywani mwa kijana yalikuwa kweli ya kwake, akiwa na miaka kumi na sita. Anaeleza kuwa sasa anamkumbuka bila wasiwasi juu yake.

Linganisha na kifo cha rafiki yake wa ujana, kabla Augustino hajaongoka. Wakati ule kila mahali palimchukiza, hata mji wake wa nyumbani aliukimbia. Upendo wake kwa Adeodato haukuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na wa kumkabidhi. Epikteto anasema legeza mkono usije ukaumia. Augustino anasema mshike kwa nguvu zote, ila mshike ndani ya mkono wa Mungu, maana huko hapotei.

4. TUMAINI LETU NI LIPI HASA?

Tunaposema "tumaini" msibani, mara nyingi tunamaanisha kwamba mfiwa atazoea, au kwamba Mungu atampa mtoto mwingine. Yote mawili yaweza kutokea, lakini hayo siyo tumaini la Kikristo. Mtoto mwingine ni mtoto mwingine. Hazibi pengo la yule wa kwanza, na si haki kumbebesha kazi hiyo.

Kitabu cha Ayubu chenyewe kinatuonyesha jambo hili kwa hesabu ndogo. Mwanzoni Ayubu alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, pamoja na wana saba na binti watatu. Mwishoni Mungu anamrudishia mara mbili: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Na watoto? Wana saba na binti watatu (Ayu 42:12-13). Mbona hawa hawakuongezwa mara mbili? Wafasiri wa zamani waliona jibu zuri hapa: mifugo iliyokufa ilikuwa imepotea, lakini watoto waliokufa hawakupotea. Mbele za Mungu, Ayubu alikuwa tayari na watoto ishirini.

Tumaini hilo linasemwa waziwazi na mama mmoja katika kitabu cha pili cha Wamakabayo. Anashuhudia wanawe saba wakiuawa siku moja. Anamwambia wa mwisho akubali kifo ili katika rehema ya Mungu ampokee tena pamoja na ndugu zake (2 Mak 7:29). Angalia anachokitarajia. Hatarajii kusahau, wala kupata wengine. Anatarajia kupewa tena walewale.

Na hivi ndivyo Bwana wetu alivyofanya. Mwinjili Luka hakuishia kusema kijana wa Naini alifufuka. Anaongeza kwamba Yesu alimpa mama yake (Lk 7:15). Binti Yairo alipoamka, Yesu aliwaambia wazazi wampe chakula (Mk 5:43), kazi ambayo mzazi aliyefiwa huililia kuliko zote: kumlisha tena mtoto. Ishara hizo zilikuwa ndogo, maana kijana yule na binti yule walikufa tena baadaye. Lakini zinaonyesha nia ya Mungu. Katika ufufuko wa Kristo nia hiyo imekuwa ahadi. Baba wa mbinguni mwenyewe alimwona Mwanawe kaburini, na Bikira Maria alisimama chini ya msalaba akiuona mwili alioulea. Mungu tunayemwomba anakijua kilio hiki kwa ndani.

Ndiyo maana Mtume Paulo hawakatazi Wathesalonike kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kana kwamba hawana tumaini (1 Thes 4:13). Tumaini haliji kuchukua nafasi ya machozi. Linakuja kukaa pamoja nayo. Injili ya Mathayo inamwacha Raheli akatae kufarijiwa (Mt 2:18), na Mungu hamkemei. Lakini tukifungua Yeremia, ambako maneno hayo yametoka, aya zinazofuata zina ahadi kwamba watoto watarudi (Yer 31:16-17). Mungu alimjibu Raheli kwa ahadi ya kumrudishia.

5. "HAKUWA AMEBATIZWA"

Sasa nirudi kwa swali nililolikimbia.

Kuhusu mtoto aliyebatizwa na kufariki kabla ya umri wa kutambua mema na mabaya, Kanisa halina shaka: yuko pamoja na Mungu. Sala za mazishi yake haziombi asamehewe dhambi, kwa kuwa hana. Zinawaombea zaidi wazazi.

Kuhusu asiyebatizwa, ni lazima tuseme ukweli kwamba historia ina maneno magumu. Augustino huyuhuyu alifundisha kuwa watoto hao wanapata hukumu, ingawa iliyo nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa Zama za Kati waliona hilo ni zito mno, wakazungumzia limbo, mahali pa heri ya asili pasipo kumwona Mungu uso kwa uso. Baadhi ya wazee wetu walifundishwa hivyo katika katekesi, na ndiyo sababu katika familia nyingine watoto hawa walizikwa haraka, bila sala na bila jina. Lakini limbo haijawahi kuwa fundisho la imani linalomfunga Mkatoliki.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu ameufunga wokovu na Sakramenti ya Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake (KKK 1257). Inafundisha pia kwamba Kanisa linawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu anayetaka watu wote waokolewe, na kwa upole wa Yesu aliyewakaripia wanafunzi walipowazuia watoto wasimfikie (KKK 1261, Mk 10:13-16). Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilitoa hati nzima juu ya suala hili. Ilihitimisha kuwa tuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa na kumwona Mungu. Hati inasema "kutumaini" wala haisemi "kujua kwa hakika", na sisi tusiongeze. Lakini kwa Mkristo tumaini si bahati nasibu. Tunamtumaini Mtu, na huyo tunamfahamu alivyowakumbatia watoto.

Tena kila tarehe 28 Desemba Kanisa linaadhimisha Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Hakuna hata mmoja wao aliyebatizwa kwa maji. Wala hawakujua kwa nini wanakufa. Kanisa linawaita watakatifu.

Kuna mambo mawili ya kutendea kazi. La kwanza: Sheria ya Kanisa inamruhusu Askofu wa mahali kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafariki kabla (Kanuni 1183, §2), na kitabu cha ibada kina sala zake. Wazazi wasione haya kumwendea paroko. La pili: tusicheleweshe ubatizo kwa kungoja fedha za sherehe au ndugu wa kutoka Dar es Salaam. Na mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote, mkunga, nesi, baba, hata asiye Mkristo, anaweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya ubatizo, mradi anakusudia kufanya lile Kanisa linalolifanya. Kila jumuiya ifundishe namna ya kufanya hivyo. Nalisema hili kwa ajili ya kesho. Mzazi ambaye hakuwahi jana, asilichukue kuwa lawama.

6. TUWAFARIJI VIPI?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (I-II, swali la 38), anauliza huzuni inatulizwa na nini. Anataja mambo matano: jambo lolote la kufurahisha, machozi, marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho, usingizi na kuoga. Tulipofika hapo darasani tulicheka. Mwalimu mkuu wa Kanisa anaagiza bafu! Siku hizi sicheki, kwa sababu nilishaliona hilo likitendeka.

Usiku ule wa msiba, wakati mimi natafuta maneno, bibi mmoja jirani, Msabato, alipita bila kusema kitu na ndoo ya maji ya moto. Alimchukua mfiwa hadi uani nyuma ya nyumba, akamwogesha. Mama yule alikuwa bado ananyonyesha, maziwa yalikuwa yanamjaa na kumuuma, wala hakuna mwanamume aliyelifikiria hilo. Bibi alilijua. Akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamletea uji, akalala naye chini kwenye mkeka. Asubuhi alikuwa bado yupo. Baada ya siku ya tatu, sisi wengine tulipokwisha kutawanyika, aliendelea kuja na makande kwenye bakuli.

Thoma anaeleza kwa nini machozi hutuliza: kinachoumiza kikifungiwa ndani huumiza zaidi. Tuwaache watu walie. Na baba nao tuwaache walie. Kwetu mwanamume aliyefiwa na mtoto huchimba kaburi, hupokea wageni, siku ya nne anarudi shambani kwenye tangawizi, na hakuna anayemwuliza hali yake. Mfalme Daudi alimlilia Absalomu kwa sauti jeshi lote likisikia (2 Sam 18:33, 19:4). Louis Martin, baba wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, alizika watoto wanne kati ya tisa. Yeye na mkewe Zélie walitangazwa watakatifu Oktoba 2015.

Kuhusu marafiki, Thoma anatoa sababu mbili: mzigo ukishikwa na wengi huwa mwepesi, na zaidi ya hapo, mfiwa akiwaona waliokuja anatambua kuwa anapendwa. Nchi yetu ililionyesha hili Mei 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilipopata ajali Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa watu wa dini zote waliokuja tu kusimama na wazazi. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka huohuo wa 2007, anaeleza kuwa neno la Kilatini la faraja lina maana ya kuwa pamoja na mtu katika upweke wake, ili upweke usiwe tena upweke.

Kwa hiyo, ndugu zangu mafrateri na wanajumuiya: tufike mapema, tuseme machache. "Pole sana" inatosha. Mtaje mtoto kwa jina lake. Usiseme "mtapata mwingine". Peleka maji, kuni, unga. Rudi baada ya mwezi, na rudi siku ambayo angetimiza mwaka. Tia nia ya Misa. Ukiona mfiwa hali, halali, au anasema hataki kuishi, msindikize kituo cha afya. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

HITIMISHO

Kabla likizo haijaisha nilirudi kwa yule mama. Nilimkuta anamenya ndizi. Nilimwomba msamaha kwa hotuba yangu, nikamwambia nitatafuta jibu la swali lake. Alinikaribisha kiti, akaendelea kumenya. Nikachukua kisu nikamsaidia. Hatukuongea mengi. Nilipoaga nilimwuliza jina walilokuwa wamemchagulia mtoto kwa ajili ya ubatizo. Alinitajia. Akasema ni mara ya kwanza mtu kumwuliza tangu mazishi.

Jina hilo liko moyoni mwangu, na ninalipeleka Misani kila siku. Dada yangu, jibu langu limechelewa, lakini ni hili: mwanao yuko mikononi mwa Yesu aliyekasirika watoto walipozuiwa kumkaribia. Kanisa linatumaini hivyo pamoja nawe. Siku ya ufufuko tunangoja umpokee yeye mwenyewe, kwa jina lake. Hadi hapo, una ruhusa ya kulia.

Tusali: Ee Baba, wewe unawajua watoto wetu tangu tumboni mwa mama zao. Wapokee wale tuliowazika mapema. Wakumbuke wazazi wanaoamka usiku wakidhani wamesikia kilio. Utufundishe sisi tulio karibu nao kunyamaza, kukaa, na kubeba maji. Maria, Mama wa Mateso, utuombee. Amina.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Ni maneno gani ya msibani katika kijiji chetu yanawaumiza wafiwa badala ya kuwafariji?
2. Je, kuna mzazi katika jumuiya yetu ambaye hatujamtembelea tangu matanga yalipokwisha?
3. Ni wangapi kati yetu wanajua kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa? Nani atatufundisha?